Maskati, Kumtafuta Mfungaji wa Bao la Baba

Majirani zangu wa Kikwajuni walikuwa wameshaamua kwamba ninakwenda Maskati kuolewa, na mmoja wao aliniletea udi wa kufukizia nguo. Nilimshukuru, nikautia mkobani. Ukweli ni kwamba nilitumwa na baba yangu kwenda kuuliza jina la mtu.

Baba anaumwa presha ya macho. Jicho la kushoto limeshakufa, na la kulia linambagulia mwanga na kivuli tu. Tangu daktari amwambie kwamba kilichopotea hakirudi, ameacha kwenda mpirani, na hilo lilitutisha sisi wanawe kuliko ugonjwa wenyewe. Huyu ndiye aliyenipeleka mimi, mtoto wa kike, kwenye mechi yangu ya kwanza, meno ya mbele yameng'oka, nikarudi sina sauti na doa la chungwa kwenye gauni la sikukuu. Mama aligomba mpaka Magharibi. Sasa mtu huyo huyo anashinda chumbani na mlango umerudishwa, chakula anakigusagusa tu. Tukimwambia twende naye uwanjani tumsimulie, jibu lake ni moja: mpira wa kusikia ni wa redio, na watu wa redio waongo.

Kitu kimoja bado humchangamsha, nacho ni mechi yake mwenyewe ya kwanza. Alipelekwa na kaka yake mkubwa, ami yangu Seif, ambaye baadaye alihamia Omani akazeekea huko. Hadithi hiyo nyumbani tunaijua kwa moyo. Mtu wa timu yetu anaupokea mpira pembeni, anaingia ndani kwa mguu wa kushoto, anapiga, mpira unagonga mwamba na kuingia, kipa anabaki ameketi chini kama mtu anayengoja chai. Moja bila. Wazee wa barazani waliwahi kumbishia kwamba siku hiyo timu yetu haikushinda, na kwa ubishi huo baba aliihama baraza.

"Nnamwona mpaka mikunjo ya soksi zake," aliniambia, "ila sura sinayo. Kamuulize Seif ni nani yule. Nipe jina tu, sura ntaiweka mwenyewe."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi kumsikia akitaka kitu. Nikafunga mkoba siku hiyo hiyo.

Tulitua Maskati alasiri. Mimi mtu wa Unguja nilidhani joto nalijua. Mlango wa kutokea ulipofunguka nilirudi ndani nyuma nyuma, nikidhani nimekosea nimepitia jikoni. Ami Seif alikuwa ananingoja kwa kanzu nyeupe ya Kiomani na kofia iliyotariziwa, kanyooka, fimbo anaishika kwa mapambo tu. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, na kabla hajauliza khabari za baba akaniuliza timu yetu imefungwa ngapi juzi. Nikajua nimefika kwetu.

Kutoka hapo mpaka mtaani kwao Al Khuwair aliendesha binti yake, Asya, anayefanya kazi kwenye wizara moja palepale mtaani. Niliangalia nje nisiamini: barabara pana, majengo meupe, magari tele, na binadamu anayetembea kwa miguu sikumwona hata mmoja. Nilimuuliza Asya watu wamekwenda wapi. Akanijibu kwamba wamo ndani ya magari, na akashangaa kwamba nimeuliza.

Nyumbani kwao Kiswahili kilikuwa cha kwetu kabisa, kimechanganywa na Kiarabu bila mtu kujali. Tulikula bokoboko la samli, lililopikwa na Prossy, msichana wa Kiganda anayefanya kazi hapo, ambaye Asya mwenyewe alimfundisha na sasa amemshinda. Nilipomaliza kunawa nikatoa swali nililotumwa. Ami Seif alikuwa ananipokeza kikombe. Kikombe kikabaki hewani.

"Nani kafunga," akarudia. Kisha akasema kahawa imepoa, akamwita Prossy aje kuibadilisha, ingawa ilikuwa inafuka moshi.

Asubuhi ya pili alinichukua mpaka Qurayyat kunionyesha mitende yake. Njia inapita katikati ya milima mitupu, haina jani, haina mbuzi, mawe juu ya mawe mpaka nikashika mkanda wa gari kwa mikono miwili. Kisha ghafla bahari, na mitende, na ami yangu akitembea kati ya mifereji ya maji kwa furaha ya mtoto. Nilimuuliza tena. Akanionyesha namna wanavyogawana maji. Nikamuuliza mara ya tatu, na sasa sauti yangu ilikuwa imepanda, kwa sababu mimi subira sikujaliwa. Nikamwambia kwamba baba hali vizuri, hatoki, na kwamba hili ndilo jambo pekee aliloliomba.

"Mambo ya zamani hayo, mwanangu," akasema, akiyaangalia maji. "Keshokutwa ntakupeleka mpirani. Huko tutazungumza."

Nilikasirika, sifichi. Nilimwona mzee mwenye kiburi ambaye amemsahau mfungaji na anaona haya kukiri.

Siku ya mechi tulitoka mapema, Asya usukani, Prossy na mimi nyuma. Omani ilikuwa inacheza na nchi jirani, na njia ya kwenda uwanjani Bausher ilikuwa imejaa bendera zinazotoka madirishani. Foleni ilipotukamata, Asya akataka kila mmoja aseme mechi yake ya kwanza. Yake yeye ni ile ambayo baba yake aliirusha kofia juu Omani ilipofunga, isirudi, mzee akarudi nyumbani kichwa wazi na mama yake akadhani wamepigana. Yangu nimeshaisema. Prossy akasema, "Mimi ya kwanza ndio hii ya leo, aunty," na akajikaza skafu nyekundu aliyovishwa na Asya kana kwamba yeye ndiye atakayecheza. Ami Seif alipofikiwa alisema yake ameisahau. Mtu huyu anakumbuka bei ya kanga ya mwaka aliooa.

Uwanjani nilistaajabu upya. Nilizoea kusukumana getini, kiatu mkononi. Hapa tuliingia kwa utaratibu, tukakaa upande wa familia, kila mtu na kiti chake. Ila ngoma zilipoanza, nikasahau kwamba niko Uarabuni. Mpigaji wa ngoma kubwa alikuwa na jasho na hasira na furaha zile zile za kwetu. Prossy alikuwa keshapotewa na aibu, anaimba maneno asiyoyajua.

Kipindi cha pili, mambo bado sare, Omani wakapata penalti. Hapa ni lazima niseme udhaifu wetu wa nyumbani: penalti hatuwezi kuitazama. Baba hufumba macho, na mimi nimeurithi ugonjwa huo. Nikajifunika uso mzima kwa mtandio. Ndipo ami yangu akaniinamia sikioni, akaanza.

"Anauweka mpira. Hajauridhia, anaugeuza. Anarudi nyuma, anamtazama kipa. Kipa anapanua mikono. Sasa anakuja, mwanangu, anakuja kwa madaha, kapiga... Imo! Kushoto, chini kabisa, nyavu zimeondoka na mpira!"

Kelele zilikuwa zimepasuka kila upande. Nikaruka na mtandio wangu usoni nikapiga vigelegele vya harusi. Nikapiga, nikapiga, mpaka nikasikia kwamba ninapiga peke yangu. Nilipojifunua, safu tatu za mbele zilikuwa zimegeuka kunitazama. Mpigaji wa penalti alikuwa amepiga magoti, kashika kichwa. Kipa alikuwa ameulalia mpira. Waliokuwa wakishangilia ni wageni, kona ya mbali.

Nilikaa chini. Ami Seif alikuwa anacheka bila sauti, machozi yanamtoka, na sikuelewa mara moja kwamba hayakuwa ya kicheko peke yake.

"Baba yako nilimfanya hivi hivi," akasema.

Nikamuuliza alimfanya nini.

"Siku ile hakuona kitu. Alikuwa na maradhi ya macho, kafungwa kitambaa macho yote mawili. Mama kaniachia mtoto, na mimi mpira sikuweza kuukosa. Nikambeba mgongoni mpaka uwanjani."

Nilimtazama kusudi nione kama ananitania tena. Hakuwa ananitania. Akanieleza, polepole, huku watu wakipiga kelele juu ya vichwa vyetu, kwamba daktari alikuwa amekataza kabisa mtoto asilie, maana machozi yangeiondoa dawa. Na timu ilikuwa inafungwa, bao baada ya bao, na watu wazima waliokaa karibu nao walikuwa wanalia. Mtoto akawasikia, mdomo ukaanza kumtetemeka. Ami, ambaye naye alikuwa kijana tu, alijiona akirudi nyumbani na mtoto aliyepofuka. Basi akaanza kusimulia. Akamtoa mtu pembeni, akamwingiza ndani kwa mguu wa kushoto, akampigisha mwamba, akaukwamisha wavuni. Akamwambia mdogo wake kwamba watu wanalia kwa furaha.

"Tulifungwa ngapi?" nikauliza.

"Nne bila."

"Na lile bao?"

"Hapana bao. Mfungaji mimi." Akajifuta uso kwa ncha ya kilemba cha mtu aliyekaa mbele, bila kujua, na yule mtu naye kwa mshtuko wa penalti hakujua. "Nlitaka kumwambia alipokua. Lakini kila nikimpigia simu, bao limezidi kupendeza. Soksi sikumwambia mimi. Soksi kaziweka mwenyewe."

Sikumbuki mechi iliishaje. Niliambiwa baadaye kwamba ilibaki sare. Nilikuwa nawaza baraza aliyoihama baba, na mimi mwenyewe, skuli, niliyewahi kumvuta nywele mtoto wa watu kwa sababu kasema bao lile halikuwepo. Yule mtoto alikuwa mkweli. Nilimkasirikia ami yangu, nikamkasirikia na baba kwa kuwa na soksi.

Tulipokuwa tunatoka, ami alinishika mkono. "Mpe jina lolote," akaniomba. "Mtu mgonjwa, usimvunje moyo."

Kwenye gari Prossy hakuwa na sauti tena. Asya alimuuliza kama ameipenda mechi yake ya kwanza. "Aunty, mimi nimeona migongo tu," akasema kwa kukwaruza. "Wale wanaume walisimama mbele yangu mpaka mwisho. But sitaisahau, wallahi." Asya akacheka, akamwahidi kiti cha mbele safari nyingine. Mimi sikucheka. Nilimfikiria baba yangu, anayesema mpira wa kusikia si mpira, na ambaye maisha yake yote yanasimama juu ya mechi moja aliyoisikia.

Siku ya kuondoka ami alinipa halua ya kumpelekea mdogo wake, akaniuliza nimechagua jina gani. Nilimwambia bado. Ndani ya ndege nilichagua mawili, nikayajaribu chinichini; yote mawili yalifaa. Mpaka tunatua Unguja sikuwa na uhakika nitasema nini, na moyo ulikuwa unanienda mbio kuliko kwenye penalti.

Nyumbani baba alikuwa ametoka mpaka mlangoni. Siku nyingi hakufika hapo. Alinitambua kwa hatua.

"Nani?" akauliza, kabla hata sijamwamkia.

Nikayameza majina yote mawili. Nilimkalisha, nikamweleza kila kitu: kitambaa, mgongo wa kaka yake, daktari, machozi ya watu. Nilipofika mwisho alinyoosha vidole akajigusa kope, moja, kisha ya pili, kama anayetafuta fundo la kitambaa kile.

"Tulifungwa ngapi?"

"Nne bila, baba."

"Nne," akasema. Akainuka, akapapasa ukuta mpaka chumbani, akarudisha mlango. Nilibaki na halua mapajani. Niliona nimemuua baba yangu kwa ulimi wangu, na ndugu zangu waliniambia hivyo hivyo bila kunionea huruma.

Alfajiri ya siku iliyofuata nilimsikia akizungumza kwenye simu. Alimtukana kaka yake tusi la kitoto ambalo sikujua kama analijua. Kisha nikasikia kicheko cha wazee wawili, mmoja chumbani na mmoja ndani ya simu, na mmoja wao, sijui yupi, alikuwa analia.

Jumamosi timu yetu ilikuwa inacheza. Baada ya Adhuhuri nilimkuta baba ameketi kitandani, kashavaa shati lake la mpirani, anatafuta viatu kwa mguu. Nilimvisha upesi, nikiogopa atabadili nia. Nilikwenda Maskati kutafuta jina, nikarudi sina, na hili ndilo nililorudi nalo: baba yangu anatoka nyumbani.

Mlangoni akanishika bega, akasimama.

"Unisimulie vizuri kama Seif," akasema. "Na tukifungwa, usinambie mpaka tufike nyumbani."