Ufunguo Kwenye Pindo la Kanga

Shida ilinianza mwaka 1964, nikiwa na miaka sita. Tulitoka Unguja na nguo tulizovaa na sufuria moja ambayo mama hakukubali kuiacha, tukafikia Jidda, mtaa wa Al-Mahjar, watu wengi chumba kimoja. Chuoni nilikaa mpaka nikaweza kusoma Kurani na kuandika jina langu, halas, ndiyo masomo yangu yote. Bado mdogo nikaanza kufua katika nyumba za Al-Safa. Madam wa nyumba moja alikuwa akinusa kila shuka kabla ya kunipa ujira. Hakupata harufu hata siku moja, na nadhani lilimuuma.

Sisemi haya nionewe huruma. Nasema ili ujue unazungumza na nani. Ile sufuria ya mama ndiyo niliyoanzia kukaanga maandazi. Maandazi yakazaa sambusa, sambusa zikazaa biriani za harusi, na biriani zikazaa pikapu. Siku wanawake waliporuhusiwa kushika usukani nilikuwa nimeshafika sitini, nikaenda kujifunza. Mwalimu wangu alikuwa binti mdogo kuliko sufuria zangu. Akaniambia nisiogope. Nikamwambia mimi nageuza biriani ya ukumbi mzima kwa mkono mmoja, hili gurudumu litanifanya nini. Nikagonga pipa. Lakini lile pipa liliwekwa vibaya.

Mume wangu alipofariki, mwanangu alinihamishia kwake Riyadh ili nipumzike. Ana duka la mabegi mtaa wa Batha, na kwa kuwa kutwa anashinda na watu wanaosafiri, anajiona anajua kila kitu cha safari. Kupumzika nilikuweza wiki moja. Pikapu yangu ikakaa chini ya nyumba inakula vumbi, na yeye kila Ijumaa alikuja na habari ya mnunuzi, muuza matairi jirani yake wa dukani. Mama, gari la nini tena. Mama, macho. Mama, magoti. Ungesikia ungedhani ananiuza mimi.

Nami nilikuwa na hamu ya kitu kimoja tu: kwenda baharini peke yangu, nisimpikie mtu. Usicheke. Umri wote nimeishi Jidda, bahari iko pale, na kila nilipofika ufukweni nilifika na masufuria. Wenzangu walitazama maji, mimi nilitazama mvuke. Walikuwa wakirudi wanasimuliana ndege na samaki waliowaona, na mimi nilichokiona ni kwamba wali umetosha.

Mwanangu akasema peke yako haiwezekani. Tulibishana hata mkwe wangu akatuhama, akaenda jikoni. Mwisho akaweka sharti, mkewe shahidi: niende, lakini njiani nikiomba msaada kwa mtu yeyote, wa tairi, wa njia, wa chochote, nikirudi namkabidhi ufunguo na pikapu inauzwa. Nisipoomba, habari ya kuuza haitajwi tena nyumbani kwake. Nikampa mkono. Yeye alicheka maana anaijua barabara ile. Mimi nilicheka maana namjua mama yake.

Nikatoka baada ya sala ya alfajiri na kikapu cha maandazi. Nilisema simpikii mtu, lakini sijamwona mwanamke wa kwetu anayefunga safari bila chakula cha kutosha basi zima. Ukitoka mikono mitupu unajiona kama uko uchi. Nilichukua na mwiko wangu wa harusi, ule mrefu kama jembe, nikaulaza nyuma ya kiti. Wa nini? Sijui. Vikongwe wengine huchukua bakora.

Jangwa watu hulisema vibaya kwa sababu hulipita wamelala. Mimi niliona ngamia weusi wamejipanga juu ya kilima kama wanasubiri kupigwa picha, na mama mmoja kati yao akimsukuma mwanawe kwa shingo asogee nje ya barabara. Niliona dhabu, yule mjusi mkubwa wa mchangani, amesimama ukingoni mwa lami ananitazama kama afisa anayetaka ikama, kile kibali cha kuishi. Nikapunguza mwendo, tukatazamana, akaona karatasi zangu ziko sawa, akaingia shimoni kwake.

Usiku ule nililala Taif, na asubuhi nikaanza kuteremka mlima wa Al-Hada. Barabara ile imejikunja kama utumbo wa mbuzi. Katikati ya mteremko kuna pahala pa kuegesha, unatazama bonde lote mpaka macho yanachoka. Nikaegesha, nikazima gari, nikaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga kama ninavyofunga kila kitu cha thamani tangu nilipokuwa na kitu cha thamani. Mkoba ni wa wanawake wanaopenda kutafuta vitu. Nikakiweka kikapu juu ya boneti, nikakifunika kwa kanga ileile ili vumbi lisiingie, nikageuka kutazama bonde.

Kwetu Unguja tuna kima. Wadogo, wana haya. Huku Al-Hada ni nyani, na nyani wa Al-Hada hawana haya hata chembe. Lile dume lilishuka ukutani taratibu, manyoya ya kijivu yamelifunika mabega kama bwana harusi aliyevaa joho, na nyuma, uniwie radhi, jekundu kama nyanya. Likaivuta kanga. Kikapu kikapinduka, maandazi yakamwagika juu ya boneti na chini, na mara wake zake na watoto wote wakawa pale wanachagua. Dume lenyewe halikugusa andazi. Lilipapasa kanga, likalipata fundo, na likafikiri kama ambavyo ningefikiri mimi: kilichofungwa ndicho kitamu. Likapanda na kanga juu ya mwamba.

Sasa simama pale uwe mimi. Pikapu yangu iko mbele yangu na ufunguo wake unang'atwa na nyani. Fundo langu halikunipa wasiwasi, mafundo yangu hayafunguki, lakini nyani akichoka na kitu hukitupa, na chini ya ule mwamba kulikuwa na bonde. Simu ilikuwa mkononi. Jina la kwanza ndani yake ni la mwanangu. Nikaitazama, nikamwona muuza matairi anakaa kwenye kiti changu, anasogeza vioo vyangu. Nikaitia simu ndani ya kikapu.

Nyuma yangu ilikuwapo familia moja, vioo wamepandisha, wote wameshika simu wananipiga video. Baba yao akafungua kioo kidogo, akaniita khala, kama wanavyowaita akina mama watu wazima, akauliza awaite polisi au ashuke anisaidie.

"Usishuke," nikamwambia kwa Kiarabu. "Sitaki msaada wa mtu. Hii ni yangu mimi na huyu."

Akapandisha kioo. Nadhani alifurahi.

Kanga huuzwa mbili, doti, na ya pili nilikuwa nimejitanda kichwani juu ya shela. Nikaivua. Nikaokota andazi lililosalia chini ya gurudumu, nikalinyanyua lile dume lilione, nikalimega nikala kidogo, na wala sikujilazimisha, hiliki ilikuwa imekolea. Kisha nikalifunga pindoni, taratibu, kama anayemfundisha mwari. Fundo safari hii nililifunga legelege. Kuna bango pale linakataza kuwalisha nyani, nami nimelisoma, lakini yale mengine hawakulishwa, waliiba, na hili moja lilikuwa biashara. Nikaitandaza kanga ya pili juu ya ukuta, nikarudi nyuma, nikauchukua mwiko wangu garini, mlango sikuwa nimeufunga, nikajifanya natazama bonde.

Likashuka. Kanga ya kwanza ilikuwa kwapani, halikuiachia. Likakaa ukutani, likaivuta ya pili kwa mkono mmoja. Fundo halikufunguka kwa mkono mmoja. Likanitazama. Nikaangalia pembeni. Hapo uroho ukalishinda: likatia mikono yote miwili, na kanga ya kwanza ikateleza kutoka kwapani, ikaning'inia ukingoni mwa ukuta, nusu huku nusu bondeni.

Sijawahi kugeuza biriani kwa kasi ile. Nikapeleka mwiko, nikaizoa kanga, nikaivuta. Dume likapiga ukelele, nami nikapiga wangu, na wangu ulikuwa mkubwa zaidi. Likaondoka na kanga ya pili na andazi lake. Mimi nikakaa ndani ya gari nimefunga milango, nafungua fundo kwa meno, kwa sababu kweli, mafundo yangu hayafunguki.

Nikashuka mlima, nikapita Jidda bila kumwambia mtu, maana ningeambiwa karibu chakula na mwisho ningekuwa jikoni mimi. Nikashika njia ya kusini ya pwani mpaka majengo yakaisha. Nikaegesha pahala maji yanapoingia baina ya mikoko. Harufu ya matope yale ilinifikia kabla sijafungua mlango, harufu ya utotoni, na miguu yangu ilivua viatu yenyewe.

Heroe walikuwa wamesimama majini, wengi, waridi mpaka shingoni, vichwa chini kama wanawake wanaochambua mchele. Kaa wadogo walitoka matundu yao, kila mmoja ana gando moja kubwa analipunga, karibu, karibu, na ukisogea wanakimbia wote. Najua nyumba za namna hiyo. Juu ya nguzo kavu furukombe alikuwa anamrarulia mwanawe samaki, na mtoto mwenyewe mkubwa kama mama, mbawa zimekamilika, amefungua kinywa tu. Nikamwambia yule mama, mwache aruke. Mbali kidogo pomboo walipita, migongo yao inapanda na kushuka bila haraka. Nilikaa mchangani mpaka jua likanichoma mguu mmoja na kuuacha mwingine. Hakuna aliyeniuliza chumvi iko wapi.

Simu ikalia kikapuni. Mwanangu.

"Mama, hujambo? Uko wapi?"

"Pwani. Natazama kaa."

"Kuna video inazunguka hapa Batha. Bibi mmoja anapigana na nyani kwa mwiko."

"Makubwa. Na bibi mwenyewe ni nani?"

"Uso hauonekani. Lakini kanga niliinunua mimi, ya Idi. Na mwiko ule, mama, mwiko ule ulinipiga miaka kumi na tano, nitaukosa?"

 Nyuma yake nikasikia watu wa dukani wanacheka. Akasema basi, amenikamata, nirudi na ufunguo. Mwenye matairi yuko pale pale, ameshaiona video na bado analitaka gari.

"Sharti lilikuwa nini?" nikamuuliza.

"Usiombe msaada."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu yeyote."

"Haya. Iweke hiyo video tena, sikiliza bibi anamwambia nini yule baba kwenye gari. Paza sauti, na huyo mwenye matairi asikie."

Ikawekwa. Nikajisikia mwenyewe kwa mbali, kutoka Riyadh, nikisema sitaki msaada wa mtu. Batha nzima ikacheka. Mwanangu alijaribu kidogo, akasema lakini andazi ulimpa nyani, kwa hiyo ulimwomba yeye. Nikamwambia kwanza nyani si mtu, pili sikumwomba, nilibadilishana naye, na kama hajui tofauti ya hayo mawili basi lile duka la mabegi anilipe mimi niliendeshe. Hapo nikamsikia anamgeukia yule mtu, anamwambia kwa upole akatafute gari pengine, hili lina mwenyewe. Kisha akarudi kwangu na sauti ya zamani, ya alipokuwa mdogo.

"Mama, na huko kaa wakoje?"

Nikamweleza. Nilimweleza mpaka chaji ikaisha.

Leo nina nyumba Unguja, niliijenga mwenyewe, ina kisima. Nina masufuria ya harusi Al-Mahjar, yanakodishwa. Nina sufuria ya mama, haikodishwi. Nina mwiko. Nina leseni. Nina pikapu, ina mikwaruzo ya kucha kwenye boneti, haiuzwi. Nina ufunguo wake, uko pindoni. Nina kanga moja. Pacha wake yuko Al-Hada, anayo bwana mmoja mwenye joho.