Baba Alipojifunza Kunipaka Mafuta

Harufu ya sabuni ya mche, ile ya bluu ya kufulia, hunirudisha Kambarage, mtaa niliokulia, hata nikiwa nimesimama dukani na mawazo yangu yako mbali. Naliona beseni la bati, mvuke unapanda, na upepo wa kiangazi wa Shinyanga unapita juu ya ukuta wa bafu letu lisilo na paa, umebeba vumbi laini kama unga.

Mwaka ule mama alikwenda Buseresere kumuuguza bibi aliyevunjika nyonga. Tukabaki wawili, mimi na baba. Alikuwa fundi baiskeli, mpole, asiyesema sana, na hajawahi kuogesha mtoto, kwa maana kwetu kazi hiyo haikuwa ya wanaume. Lakini bidii alikuwa nayo. Alichemsha maji, akashika dodoki na ile sabuni ya mche, akanisugua kama mnyororo wenye kutu. Kisha akanifuta nikakauka kabisa, akanivisha sare, akaamini kazi imekwisha. Habari ya mafuta haikumjia kichwani.

Nikaanza kupauka. Kwanza magotini na viwikoni, halafu miguu yote ikawa kama imepita kwenye majivu. Na mimi, niwaambie ukweli, mwanzoni nilipenda. Nilikaa kizingitini jua likipanda, nikachora kwa ukucha kwenye muundi: ng'ombe wa pembe ndefu, nyumba, mvua. Mistari ilitoka myeupe kama chaki ubaoni. Siku moja nilichora barabara ya Buseresere, ikapanda kutoka kifundoni hadi gotini, na juu yake nikamweka mama, mdogo kama sisimizi, yuko njiani anarudi.

Upepo haukukoma. Ngozi ikawasha, nikaikuna, ikapasuka juu ya kifundo na damu ikagandia kwenye soksi. Shuleni wenzangu wakaacha kunishika mkono kwenye michezo ya duara, wakisema nina upele. Hapo nikaogopa. Jina langu ni Kabula, jina la mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha, nami nilikuwa nakauka. Niliona kabisa kwamba mama akirudi hatanijua.

"Baba," nilimwuliza tukiwa tunakula, "mtu akikauka sana, anakuwa nini?"

Baba akaacha tonge. Akaushika mguu wangu, akaugeuzia kwenye mwanga wa mlangoni, akaiona damu. Alinibeba mgongoni mpaka kwa jirani yetu Mama Zuhura, mama mtu mzima aliyetokea Ujiji na kuuza vitenge sokoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Baba Kabula." Aliitazama miguu yangu, kisha akamtazama baba. "Hivi unaogesha mtoto au unasugua sufuria?"

Baba akainamisha kichwa. "Nilidhani namsafisha."

"Umemsafisha mpaka umemwondolea mafuta yake mwenyewe. Maji yawe ya vuguvugu, na asikae sana majini. Hiyo sabuni iachie nguo, na dodoki lipumzike. Mfute kidogo tu, umpake angali na unyevu. Na hapo palipopasuka upapake tena kabla hajalala. Pasipopona, mpeleke zahanati."

Akampa kopo la mafuta ya mgando.

Asubuhi iliyofuata baba alipiga goti mbele yangu, uso kaugeuzia kwenye mpapai kwa aibu, akaanza na nyayo. Viganja vyake vilikuwa vigumu, vina weusi wa grisi kwenye mistari. Aliyasugua mafuta mpaka yakalainika kwa joto, ndipo akanigusa. Alikizungusha kiwiko changu taratibu kama anayekagua gurudumu kama limenyooka.

"Hapa bado pakavu, mayu," alisema. Mayu, yaani mama, ndivyo alivyoanza kuniita siku zile.

Na mikono yake ilipozoea, mdomo nao ukafunguka. Alinisimulia ng'ombe aliowachunga utotoni, na bibi yake aliyempaka siagi mpaka ndama wakamfuata wakimlamba. Nilicheka, nikamwegemea begani, jua likameta miguuni pangu, nikasinzia hivyo hivyo nimesimama. Ngozi ikashikana. Ng'ombe wangu wa ukucha hawakuchoreka tena.

Mama aliporudi, alipitisha mkono miundini mwangu akashangaa.

"Nani alikuwa anakupaka?"

"Baba."

Kesho yake aliniita yeye, kopo mkononi. Baba alikuwa ameshatokea mlangoni, mafuta ameyasugua tayari viganjani. Akasimama.

"Aa, mama yako amerudi," alisema. Akajipaka yale mafuta kwenye mikono yake mwenyewe, polepole, hadi viwikoni, akachukua baiskeli akaenda kazini. Tangu hapo akarudia ukimya wake. Nilidhani amefurahi kupumzika.

Niliishi na dhana hiyo hadi mwaka huu. Asubuhi moja mwanangu alitoka kuoga, nami nimeshayeyusha mafuta kiganjani, akaniambia, "Mama, nimekua sasa. Nitajipaka mwenyewe." Nikamwambia vizuri, mwanangu. Akaingia chumbani, akafunga mlango, nikabaki nimesimama ukumbini mikono imeng'aa, sijui niipeleke wapi. Ndipo nilipomwelewa baba.