Sehemu ya Nukta Ndani ya Kompaila

Hospitalini tulimwita Mama Barafu. Jina hilo lilitokana na mafriza ya benki ya damu, ambayo yeye ndiye aliyeyaangalia kupitia kompyuta, na alilipokea kwa kucheka, ingawa yeye na mumewe hawakujaliwa mtoto na neno "mama" lingeweza kumchoma. Mimi nilikuwa maabara, chumba cha jirani, tumetenganishwa na ukuta tu. Friza likianza kupoteza baridi, yeye alijua kabla yetu sisi tuliokuwa tukilifungua na kulifunga kutwa nzima. Programu iliyosoma vipimo vya joto aliiandika mwenyewe.

Mumewe alikuwa mtu wa kiwanda cha uchapaji. Kazi yake ilikuwa kupanga kurasa na kuzisoma mara ya mwisho kabla mashine haijawashwa. Wenzake walimwita Nukta, kwa sababu aliwahi kusimamisha uchapaji wa kitabu kizima cha shule kwa ajili ya nukta moja iliyokaa mahali pa mkato. Wakubwa walinung'unika, kisha wakamzoea. Kuandika programu alijifundisha ukubwani, kwanza kwa kutengeneza vitu vidogo vya pale kiwandani, halafu akanogewa. Miaka yake ya mwisho alikuwa mmoja wa watu waliotawanyika duniani wanaotengeneza kompaila moja kwa pamoja, kila mtu kwake, hakuna anayelipwa.

Kompaila, kwa asiyeijua, ni programu inayochukua kile alichoandika mwandishi wa programu na kukigeuza kuwa amri ambazo mashine inaweza kuzitii. Bila hiyo, maandishi yetu kwa kompyuta ni michoro tu. Na ikikosea yenyewe, kila programu inayopita mikononi mwake itatoka na kosa, na aliyeiandika atajilaumu bure, akitafuta kosa ambalo si lake.

Sehemu aliyoshughulikia Nukta ilihusu mgawanyo. Kompyuta hugawanya namba polepole, lakini ukigawanya kwa mbili, nne au nane ipo njia ya mkato: kwa kuwa yenyewe huhesabu kwa mbilimbili, unazisogeza tarakimu upande mmoja, jibu limepatikana. Nukta aliifundisha kompaila kuitambua njia hiyo hata pale mgawanyo ulipojificha ndani ya hesabu ndefu. Alihangaika nayo karibu miaka miwili. Ilipokubaliwa kuingia kwenye toleo lijalo alirudi nyumbani na samaki wakubwa wawili, akawakaanga mwenyewe, na mkewe aliniambia jiko lilinuka wiki nzima.

Hakuliona toleo lenyewe. Alifariki kiwandani, mchana, akiwa kwenye kiti chake na karatasi mbele yake. Moyo ulisimama. Wenzake waliokuwa chumba kile walidhani anasoma.

Baada ya mazishi mama yake Nukta alihamia pale nyumbani. Wajane wawili wakawa wanaishi pamoja, mtu na mkwewe, wakipishana kwenye korido bila maneno mengi. Bibi huyo alikuwa ameshona nguo maisha yake yote, na sasa vidole vilikuwa vimekakamaa, hana cha kushika. Mama Barafu alirudi kazini mapema kuliko tulivyotarajia. Tulimpa pole, akashukuru, akakaa mbele ya skrini zake.

Kisha ukaja ujumbe kutoka kwa mwanamke aliyesimamia mradi wa kompaila. Alieleza kwamba toleo la majaribio liko tayari, kwamba kazi ya Nukta imo, na kwamba wanaomba yeyote mwenye nafasi alijenge, yaani aligeuze kuwa programu inayofanya kazi, kwenye mashine yake na kulijaribu kabla halijatolewa rasmi. Hakumwomba Mama Barafu moja kwa moja. Hakuhitaji kumwomba.

Jumamosi asubuhi Mama Barafu aliwasha kompyuta ya mumewe kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alipakua msimbo wote, yaani maandishi ya kompaila yenyewe, mafaili kwa maelfu, akaanza kujenga. Ilikwama karibu mara moja kwa sababu kifaa fulani kilikuwa cha zamani. Akakibadilisha. Ikakwama tena, safari hii kumbukumbu haikutosha, akaiamuru ifanye kazi chache kwa wakati mmoja na kuwa na subira. Feni ikaanza kuvuma. Mamamkwe akatoka chumbani kuuliza ni kitu gani kinanguruma, akaambiwa ni kompyuta inafanya kazi nzito, akavuta kiti.

Mama Barafu alimweleza kadiri alivyoweza. Kompaila hii imeandikwa kwa lugha yake yenyewe, kwa hiyo kwanza kompaila ya zamani huijenga mpya, halafu ile mpya hujijenga yenyewe, halafu hiyo iliyojijenga hujijenga tena. Ya pili na ya tatu zikilinganishwa zinapaswa kufanana kabisa, hata alama moja isitofautiane. Zikitofautiana, kuna kitu kimeoza ndani. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akasema hajaambulia kitu, ila anataka kujua kazi ya mwanawe iko wapi humo. Mkwewe akafungua faili, akamwonyesha. Bibi akasogeza uso karibu na skrini, akapitisha kidole juu ya mistari bila kuigusa.

Kila alipopita kuelekea jikoni aliuliza, "Haijaiva tu?"

Iliiva mchana. Ya pili na ya tatu zilifanana. Kisha yakaanza majaribio yaliyokuja pamoja na msimbo, maelfu ya maswali madogo ambayo kompaila lazima iyajibu sawasawa, na yote yakapita. Mama Barafu alimkumbatia mamamkwe wake, jambo ambalo hata kwenye msiba halikutokea. Kesho yake majirani wote walikuwa wameshaambiwa kwamba kazi ya marehemu inakwenda duniani.

Kama angeishia hapo, hakuna ambaye angemlaumu. Lakini kwa mtu wa kazi yake majaribio ya watu wengine hayatoshi. Jumatatu alichukua kompyuta ya akiba pale hospitalini, ambayo haikuunganishwa na friza lolote, akaijengea programu yake ya vipimo kwa kompaila mpya na kuilisha vipimo vya wiki iliyopita, ambavyo majibu yake aliyajua. Friji za damu, zinazokaa juu kidogo ya sifuri, zilitoa majibu sawa na ya siku zote. Mafriza ya plazma, ile sehemu ya damu yenye rangi ya manjano ambayo lazima igande chini sana ya sifuri, hayakutoa. Programu ilikuwa inachukua vipimo vinne, vilivyohesabiwa kwa sehemu za kumi za digrii, na kutafuta wastani, na kila wastani usipotoka namba kamili, jibu lilizidi kwa sehemu moja ya kumi ya digrii. Tena lilizidi upande mbaya: lilisema kuna baridi zaidi kuliko ilivyo.

Nilimwona siku hiyo kupitia mlango. Hakula. Alikuwa ameanza kwa kujishuku mwenyewe, kama inavyopasa. Akaisoma upya programu yake, akabadilisha mashine, akajenga tena toka mwanzo. Jioni, kabla ya kufunga ofisi, alifanya jambo aliloniambia alilikwepa tangu asubuhi: aliizima sehemu ya Nukta. Kompaila ina swichi ya hivyo kwa kila sehemu. Majibu yakanyooka. Akaiwasha, yakapinda.

Njia ya mkato ya Nukta ilikuwa sahihi kwa namba zote zilizo juu ya sifuri. Kwa zilizo chini, kusogeza tarakimu na kugawanya si kitu kimoja, kwa sababu kinachobaki huangukia upande mwingine. Jambo hilo si siri, limo kwenye vitabu, na mahali pengine ndani ya msimbo wake alilizingatia. Hapa hakulizingatia. Hata majaribio aliyoyaandika mwenyewe hayakuwa na namba hata moja iliyo chini ya sifuri. Yule aliyesimamisha mashine kwa ajili ya nukta alikosea, na hapakuwa na mtu mwingine wa kubebeshwa lawama.

Mama Barafu aliporudi nyumbani alimkuta shemeji yake, mdogo wa Nukta, fundi umeme, amekuja kumwona mama yake. Aliwaeleza wote wawili, na kwamba akilitaja kosa, sehemu hiyo huenda ikaondolewa. Shemeji alifikiri kidogo, akamwuliza kama wapo watu wengine walioligundua. Hapana. Kama hospitali inatumia kompaila mpya? Haitumii, inatumia ya zamani. Basi, akasema, sehemu moja ya kumi ya digrii hata mgonjwa hawezi kuihisi. Aache toleo litoke, halafu amwandikie yule msimamizi taratibu, kosa walirekebishe baadaye. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anamlinda kaka yake.

Mama Barafu alimjibu kwamba kwake ni sehemu ya kumi, lakini hajui mtu mwingine anagawanya nini. Hilo ndilo lililomtesa. Kosa la programu yake angelijua. Kosa la kompaila lingeingia kwenye programu za watu asiowajua, nao wangekesha wakitafuta kosa kwao wenyewe.

Mamamkwe akasema, kwa sauti ya chini, "Hamkupata mtoto. Hicho ndicho alichoacha. Na wewe ndiye unayetaka kukiondoa?"

Mama Barafu aliniambia kwamba maneno yale yalimwingia mfupani, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameshajiuliza hivyohivyo akiwa njiani. Siku mbili tatu alikaa na jambo lile bila kuandika. Pale nyumbani bibi alikula chumbani kwake.

Katika siku hizo Mama Barafu aliipunguza programu yake. Alitoa hiki, akatoa kile, mpaka ikabaki mistari michache tu inayoonyesha kosa, ili asiwepo wa kusema pengine ni mafriza yake. Ndivyo wanavyofanya waungwana wa kazi ile. Kisha akaandika taarifa. Aliniomba niisome kabla hajaituma, na mimi sikuelewa sana yale ya namba, ila niliona kwamba hakuandika popote kuwa yeye ni mjane wa aliyekosea. Nilimwuliza. Akasema haisaidii kulitatua tatizo. Akaituma tukiwa tumesimama.

Msimamizi alijibu siku iliyofuata. Alikuwa amelirudia jaribio kwake na kupata kosa lilelile. Alimtambua aliyeandika, akasema samahani, akasema asante. Siku za kutoa toleo zilikuwa zimekaribia mno kuthubutu kulirekebisha jambo nyeti kama hilo. Sehemu nzima ya Nukta ingeondolewa, na ingeweza kurudi toleo linalofuata kama angepatikana wa kuitengeneza. Jina la Nukta, alieleza, lingeondoka pia kwenye orodha ya waliochangia toleo hili, maana orodha hujazwa kwa kazi iliyomo. Kama familia ingependa, angeomba wenzake wafanye tofauti.

Mama Barafu alimjibu kwamba wasifanye tofauti. Mume wake angeona haya.

Ilipofika wiki ya mamamkwe kupimwa presha, ilibidi Mama Barafu amlete hospitalini. Baada ya kupimwa, bibi aliomba kuonyeshwa mafriza. Hairuhusiwi sana, lakini nilikuwepo, nikawafungulia mlango. Ni chumba kidogo, kina kelele ya mota na sakafu nyeupe. Bibi aliuliza kilichomo, nikamweleza kuwa ni plazma, kwa watu waliotokwa na damu nyingi, mara nyingi kina mama waliojifungua. Nikamwonyesha kioo kidogo cha namba juu ya mlango wa friza.

Akaziangalia namba, akageuka kwa mkwewe. "Hii ndiyo ingekudanganya?"

"Si hii yenyewe, mama. Lakini kama ningeiweka ile mpya, ndiyo. Ingenidanganya."

"Wewe ndiye wa kwanza ambaye mwanangu angemdanganya."

"Ndiyo."

Bibi akatikisa kichwa taratibu. "Asingependa," akasema. Akajifunga vizuri mtandio, kwa maana chumba kile kina baridi, akamshika mkwewe mkono, wakatoka. Kwenye benchi la nje walikaa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza nilimwona Mama Barafu akilia hadharani. Mamamkwe hakumbembeleza. Alimshika tu mkono ule, akiangalia watu wanaopita.

Toleo lilitoka bila Nukta. Mwaka uliofuata Mama Barafu alijaribu kuitengeneza sehemu ile mwenyewe. Kulinda mafriza ni kazi moja na kutengeneza kompaila ni kazi nyingine, naye alilijua hilo, lakini alisoma maandishi ya mumewe mstari kwa mstari, akajua alipokuwa na haraka, na alipokuwa amefurahi, na mahali aliporudia kitu kwa sababu hakuridhika. Aliniambia alimfahamu upya. Marekebisho yake yalifika nusu, yakamshinda. Mwanafunzi mmoja wa nchi ya mbali aliyachukua akayamaliza, kwa namna yake, na sehemu ile ilipoingia hatimaye, karibu yote ilikuwa imeandikwa upya. Yamebaki maneno machache ya Nukta, na jaribio la namba zilizo chini ya sifuri, ambalo aliliandika mkewe.

Mamamkwe sasa anaishi kwa yule fundi umeme, ambako kuna wajukuu, na Mama Barafu huenda kula huko Jumapili. Kila toleo la majaribio linapotangazwa yeye hulijenga kwenye ile kompyuta ya akiba, hulilisha vipimo vyake, huandika alichokiona. Mara nyingi hakuna kosa, na taarifa yake huwa sentensi moja.