Nilidai Nimekunywa Chai na Mwandishi Nisiyemjua, Mtoto wa Watu Akamfuata

Mimi ni mwongo. Nianze hapo hapo, maana nikizungukazunguka nitaanza kujionea huruma, na huruma siistahili.

Wala haukuwa uongo wa kuiba au wa kusingizia mtu. Ulikuwa uongo mtamu, wa kupamba maneno ili nionekane mtu mbele za watu. Kumbe! Nusura ummeze mtoto wa jirani yangu.

Jina langu silisemi, wala la blogu yangu. Mjue tu kwamba nimezaliwa Kisenyi, hapa Kampala, katika moja ya zile familia ambazo babu zao walikuja na biashara kutoka pwani wakalowea. Nyumbani ni Kiswahili, sokoni Kiganda, shuleni Kiingereza. Mchana nakaa kwenye duka la vipuri vya magari la ami yangu. Kati ya mteja wa plagi na mteja wa breki, nilikuwa nasoma riwaya za vijana kwenye simu na kuandika habari zake kwenye blogu.

Umri wa vitabu hivyo nimeshaupita, lakini sikuviacha. Visa vya wasichana wanaotoroka bweni, mapenzi ya kwanza, mtoto anayegundua baba yake si yule anayemwita baba, hiyo ndiyo starehe yangu. Nikawa naandika maoni yangu kwa Kiswahili chetu, na watu wakapenda. Wasichana wa Nairobi wananiandikia. Wa Goma wananiandikia. Wananiita Dada. "Dada, nisome nini sasa?" Jamani, nililewa!

Basi akatokea mwandishi mmoja. Nitamwita Bwana Kalamu, maana hata jina alilotumia lilikuwa la bandia. Alikuwa anaweka riwaya mtandaoni, sura baada ya sura, ya msichana anayemtafuta baba yake kwenye visiwa vya ziwani. Mkono wake wa kuandika ulikuwa mzuri, na mpaka leo jambo hilo linanitia kichefuchefu. Nilimsifia kwa moyo mweupe. Picha yake ilikuwa mgongo tu, mtu anatazama maji.

Wasomaji wakaanza kuuliza, "Dada, unamjua? Ni mtu wa wapi?"

Ningesema simjui, yangeisha. Lakini Dada atashindwaje kumjua mwandishi? Nikajibu: "Namjua sana, ni kama kaka yangu."

Nikamwomba mahojiano. Akajibu maswali yangu yote kwa maandishi, wala hakutaka nimpigie simu. Majibu yalikuwa makavu. Nikaona nikiyaweka hivyo hivyo hayatasomeka. Basi nikayapamba. Nikaandika kwamba tulikutana kwenye mkahawa mmoja mtaa wa Kansanga. Nikaandika kwamba nilimkuta ameshafika, mtu mrefu, mwembamba, mpole, mwenye haya, anakoroga chai na miwani yake imefunikwa na mvuke. Nikaandika hata alivyocheka!

Hakuna mkahawa. Hakuna miwani. Nilikuwa nimekaa juu ya boksi la vichujio vya oili dukani kwa ami.

Chapisho lile lilisomwa kuliko yote niliyowahi kuandika. Yeye akaniletea ujumbe mmoja tu: "Umenichora vizuri, Dada." Nami nikafurahi! Sikujiuliza ni mtu gani huyo anayechorwa uongo akashukuru.

Miongoni mwa wasomaji wangu alikuwamo binti wa jirani. Nitamwita Shamim. Alikuwa kidato cha pili, mwembamba, mwenye maneno mengi, na kila akitoka shule hupitia dukani kuazima vitabu kwangu. Mama yake anauza vitambaa mlango wa nne kutoka kwetu. Mama yule alikuwa ananiombea dua kwa sababu mwanawe anasoma.

Jumamosi moja, baada ya alasiri, Mama Shamim akaja dukani anatabasamu.

"Mwanangu, huo mkutano wenu unakwisha saa ngapi? Nataka nimtume mtoto."

"Mkutano gani, Mama Shamim?"

"Si huo wa wasomaji wa blogu yako? Shamim ametoka tangu asubuhi. Kasema ni wewe uliyemwita."

Sikuwa nimeitisha mkutano wowote. Mama yule akaniangalia usoni, na lile tabasamu likaondoka kidogo kidogo. Sitalisahau.

Tukampigia Shamim. Simu imezimwa. Mama akampigia rafiki yake wa darasani, akaweka sauti kubwa, sote tukasikia. Kile kitoto kikasita, kikalia, kisha kikasema: "Amekwenda Luzira, kule ziwani, kumwona mwandishi wa ile riwaya. Aliahidi kumweka kwenye kitabu. Lakini ni mtu mzuri, Mama, ni yule aliyekunywa chai na Dada."

Banange, jamani!

Nikajaribu kumpigia Bwana Kalamu. Namba aliyonijibia maswali haipatikani. Hapo ndipo nilipotambua kwamba sijui sura yake, sijui sauti yake, sijui jina lake. Sijui kitu!

Mama Shamim akanishika mkono. "Wewe unamjua. Umekaa naye meza moja. Niambie, mwanangu, ni mtu wa namna gani?"

Ami alikuwa amesimama hapo. Wateja walikuwa wamesimama hapo. Mdomo wangu ukafunguka, na wallahi nilidhani ukweli ndio utakaotoka.

"Ni mrefu," nikasema. "Mwembamba. Anavaa miwani."

"Na ni mpole. Nilisoma."

"Ni mpole."

Hilo ndilo kosa langu hasa, ndugu zangu. Ule uongo wa kwanza ulikuwa wa ujinga. Huu wa pili niliusema huku namwona mama wa mtu anatetemeka.

Ami akafunga duka, tukaingia kwenye gari lake dogo la mizigo. Kituo cha polisi nikarudia yale yale, pamoja na ile chai. Afande aliyetupokea, mtu mzima mwenye sauti ya taratibu na Kiswahili cha kubahatisha, akaniuliza, "Wewe, dada, najua yeye kwa macho?" Nikaitikia. Akasema vizuri, akapanda gari pamoja nasi. Njia nzima Mama Shamim hakuuachia mkono wangu. Alikuwa anasoma Yasini kwa moyo, na kila akifika mahali akikosea, anaanza upya. Mimi nilikuwa najiambia: labda kweli ni mrefu. Labda kweli ana miwani. Mtu akiogopa huomba hata uongo wake uwe kweli!

Luzira tukasimama kwenye kijiwe cha boda boda, karibu na njia ya kwenda ziwani. Afande akawauliza madereva kama wamemwona msichana mwenye hijabu ya zambarau, yuko na mtu mrefu, mwembamba, wa miwani.

Dereva mmoja akasogea. "Msichana wa hijabu hiyo nimemwona, afande. Lakini alikuwa na mzee mmoja mfupi, mnene, ana kipara. Hana miwani."

"Hapana," afande akasema. "Huyo si yeye. Sisi natafuta mutu mrefu."

Akarudi garini. Mama Shamim akasema, "Twende mbele, labda wako kule gatini." Ami akawasha injini.

Nilikuwa nimeketi katikati yao. Niliona wazi kabisa kinachotokea. Gari linaondoka, na mtoto anaachwa nyuma, kwa sababu ya sentensi yangu nzuri ya miwani na mvuke. Na bado nilikuwa naogopa aibu! Gari likasogea. Yule dereva akarudi kwenye pikipiki yake.

"Simamisha!" nikapiga kelele. "Ami, simamisha! Ni huyo mfupi! Inawezekana ni huyo!"

Afande akageuka. "Ulisema mrefu."

"Simjui, afande. Sijawahi kumwona."

"Na ile chai?"

"Hakuna chai."

Hakuna aliyenitukana. Mama Shamim aliutoa mkono wake kwenye mkono wangu, taratibu, kama mtu anayeweka chini kitu kichafu.

Yule dereva akatutangulia na pikipiki yake. Tukapita kichochoro, tukafika kwenye vyumba vya kupangisha nyuma ya ghala. Akatuonyesha mlango ambapo alimwona mzee yule akiingia na msichana. Ulikuwa umefungwa kwa kufuli, kwa nje. Afande akagonga. Kimya. Akagonga tena. Kimya.

Mama Shamim akauweka mdomo kwenye ubao wa mlango. "Shamim? Ni mimi, mama."

Kwa ndani, sauti ndogo mno: "Mama?"

Ami akaleta mtaimbo kutoka garini, wakavunja kufuli.

Alikuwa amekaa kwenye pembe, kajikunja, mkono wake mmoja umevimba. Alhamdulillahi, hakufanyiwa lile tulilokuwa tunaliogopa. Yule mtu alimwambia avue hijabu apigwe picha ya jalada la kitabu. Akakataa. Akamsokota mkono, akamnyang'anya simu, akamfungia, akamwambia atamfungulia akishapata akili. Afande alimsubiri mpaka giza likaingia. Hakurudi. Labda alituona pale kijiweni tukipoteza wakati.

Garini, Shamim alilala kifuani kwa mama yake. Tukiwa karibu kufika Kisenyi akaniangalia, akasema, bila hasira yoyote:

"Dada, nilipomwona hana miwani niliogopa. Nikataka kurudi. Halafu nikasema, labda ameisahau. Kwa sababu wewe ulimwona."

Nimejaribu kusahau mambo mengi ya siku ile. Hilo limekataa.

Shamim amepelekwa kwa shangazi yake Jinja, na huko ndiko anakosoma sasa. Nasikia vitabu vya hadithi havigusi. Mama yake akipita mbele ya duka letu, anauvuka mfereji aende upande wa pili. Ami hakunifukuza, lakini nikimwambia mvua inanyesha, anatoka nje kuangalia.

Niliandika ukweli wote kwenye blogu, nikaifuta ile habari ya chai, nikaomba radhi. Nilitukanwa, na matusi yale niliyastahili. Lakini kilichonitisha zaidi ni wasichana walioniandikia faraghani. Mmoja, kisha mwingine. "Dada, na mimi aliniita." "Dada, na mimi nilikuwa niende wiki ijayo." Yote niliyapeleka kwa afande. Chumba kile kilikuwa kimepangishwa kwa jina la uongo. Mtu hajakamatwa.

Na juzi, nikiwa dukani, ukaingia ujumbe kutoka namba nisiyoijua. Maneno machache tu:

"Dada, mbona umeifuta chai yetu?"

Ujumbe huo pia niliupeleka polisi, lakini tangu hapo sina amani. Mtu yeyote mfupi mwenye kipara akija kuulizia betri au mkanda wa feni, moyo wangu unapiga mpaka anunue na aondoke. Yeye ananijua. Anajua sura yangu, maana picha yangu iko kwenye blogu. Anajua nasoma nini, naandika vipi. Mimi ndiye nisiyemjua. Anaweza kuwa ameshanisalimia mara ngapi!

Ninyi mnaoandika juu ya vitabu vya vijana, nawasihi kwa jina la Mola: mkiulizwa juu ya mtu msiyemjua, semeni hamumjui. Hamtakufa. Sifieni riwaya, lakini msimdhamini mtu kwa sababu tu anajua kupanga maneno. Watoto wanaosoma wanaamini kilichoandikwa. Ndiyo maana tunawapenda, na ndiyo maana ni rahisi kuwaua.

Na ninyi mabinti zangu, wadogo zangu, mliokuwa mkiniita Dada: siku mtakapoambiwa mrefu na mkamwona mfupi, msinitafutie mimi udhuru. Yaaminini macho yenu. Geukeni, kimbieni!