Sambusa za Kambare Alizokula Ayeyo

Wenzangu mliofunga Ramadhani za kwanza pale Garissa mkiwa bado na meno ya utoto, najua hamjalisahau joto la saa kumi alasiri. Tulikuwa tunalala kifudifudi kwenye saruji, leso zimeloweshwa maji, tukishitakiana nani ameonekana akisukutua mdomo muda mrefu kuliko inavyohitajika. Watoto wa leo wanafunga feni likiwazungukia kichwani na simu mkononi, na ikifika adhuhuri wanauliza kama kuumwa na kichwa kunafunguza. Sisi tungeuliza hivyo tungeongezewa siku.

Saa hiyo ya joto ndiyo ilikuwa saa ya kukunja sambusa. Manda hazikununuliwa kwenye pakiti. Mama alikanda unga, akasukuma viduara, akavipaka mafuta na kuvipandanisha vinne vinne, akavipitisha kwenye chuma cha chapati hadi vikaanza kuachana, kisha mimi nikavibandua kimoja kimoja nikiungua vidole. Nilikata, nikakunja pembe, nikajaza, nikagandisha kwa uji mzito wa unga. Mama alikuwa mwenyeji wa Lamu, aliyeolewa na baba yangu, Hassan, dereva wa lori la bidhaa kati ya Garissa na Liboi. Kwa hiyo nyumbani kwetu kulikuwa na sambusa za aina mbili: za mbuzi kwa watu wote, na za samaki kwa Mama na mimi. Za samaki nilizibana ukingo kwa uma ili zisichanganyike.

Samaki Garissa wakati ule ilikuwa aibu kidogo. Mji wa wafugaji, mtu anahesabiwa kwa ngamia, wewe unakula kitu kisicho na shingo? Shuleni waliniita mla malaay, yaani mla samaki, na walinusa mikono yangu kabla ya kunishika kwenye mchezo wa kati. Nililia siku mbili tatu, halafu nikazoea. Mambo ya shuleni yalikuwa mzaha. Ya nyumbani hayakuwa.

Nyumbani alikuwako Ayeyo, nyanya yangu mzaa baba, aliyehamia mjini baada ya ukame kummalizia mifugo. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, akawa anaona mwanga tu. Kitindamimba wake, Adeer Abdi, ami yangu, alikuwa amechukuliwa na mto Tana wakati wa mafuriko, akinywesha mbuzi pale penye mkuyu ulioinamia maji. Baba na watu wa mtoni walimtafuta siku nane kwa miti mirefu. Hawakupata hata kiatu. Watu walisema ni mamba. Ayeyo alikataa. Mamba huacha kitu, alisema, mguu, kitambaa, kitu cha kuzika. Aliyemaliza kila kitu namna ile ni samaki, wamemgawana kidogo kidogo. Akakataa pia aswaliwe swala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwapo. "Mtasomea nani?" aliwauliza. "Maji?" Miaka sita ikapita hivyo, na hakuna aliyethubutu kumtaja marehemu kwa neno marehemu.

Kwa mkwewe aliweka sharti moja tu, na alilisema kwa Kiswahili chake, ambamo kila p ni b kama kwa Wasomali wengi, ili lisipotee njiani. "Samaki ya bahari, ya watu yako, kula. Lakini ya hii mto ikiingia hii nyumba, mtu moja atatoka. Na mimi siwezi kutoka, sina bengine." Mama alielewa. Angerudishwa Lamu, na mimi ningebaki, kwa sababu watoto ni wa upande wa baba. Nililielewa hilo na mimi, mtoto wa miaka tisa, na kila nilipobana ukingo wa sambusa kwa uma nilikuwa nabana na moyo wangu.

Ramadhani ninayoikumbuka, Mama alikuwa mjamzito. Mvua zilikuwa zimekata barabara ya pwani, na kikapu cha nguru na kamba wakavu alichotumiwa na dada zake kila mwezi hakikufika. Mimba ile haikutaka jingine. Nilimkuta mara mbili ameingiza uso ndani ya kikapu kitupu, ananusa, machozi yanamtoka. Kwao, mjamzito akitamani chakula akanyimwa, ni mtoto anayedhulumiwa. Siku ya kumi ya mfungo, Baba akiwa safarini Liboi, alinivuta jikoni akanipa kikapu. Hakunitazama. "Nenda mtoni," alisema. "Ufunike."

Nilimkuta mwanamke wa mtoni akiwa na samaki mmoja tu, kambare mrefu kama mkono wangu, mweusi, na sharubu zake zikitikisika. Alinipa upesi, kama mtu anayetaka kuondokewa. "Mume wangu hategi pale penye mkuyu," aliniambia bila mimi kumuuliza. "Leo maji yaliichukua ndoano yakaipeleka yenyewe." Ningemrudishia. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikumrudishia. Lakini nilikuwa nauona uso wa Mama ndani ya kikapu kitupu, basi nikamfunika kwa majani nikashika njia.

Kambare ana pumzi ya kukaa nchi kavu. Alinigunia kwapani njia nzima, sauti nzito, ya chini, na kila nilipoongeza mwendo naye aliongeza. Nyumbani Mama alimtia kwenye beseni, akafunika, akaweka jiwe juu. Ayeyo alikuwa kibarazani kwenye mkeka wake, mbali na jiko. Akainua kichwa.

"Nani amekuja?"

"Hakuna mtu, Mama," Mama alijibu.

"Kuna mtu. Nasikia anabumua."

Mama alimuua kambare kwa haraka, nyuma ya jiko. Mnawajua makorongo wa Garissa, wale mabwana wenye vipara wanaoshinda jalalani, hawaachi hata kiatu kikuukuu. Mmoja alikuwa ukutani. Nilimtupia matumbo ya samaki. Aliyatazama, akanitazama mimi, hakushuka. Niliyafukia kwa mikono.

Yaliyobaki tulifanya kama kawaida, na hiyo kawaida ndiyo iliyonitisha. Mama alichemsha, akatoa miiba, akakaanga na kitunguu, bizari, pilipili, akakamulia ndimu na kutupia dania. Zikatoka sambusa nane. Nikazikunja, nikazibana kwa uma. Za mbuzi zilipotiwa kwenye karai zilipiga kelele kama siku zote. Za kambare zilizama kimya, zikakaa chini, kisha zikaelea zote kwa pamoja, zimekauka vizuri, rangi ya dhahabu. Sijawahi kuona sambusa nzuri kama zile na sikutaka kuzigusa. Mama alizitia kwenye sahani, akazifunika bakuli, akaziweka pembeni ili azile peke yake humo jikoni.

Hapo ndipo nilipokosea. Chakula cha Ayeyo nacho kilikuwa kinafunikwa bakuli kila siku, maana hakuwaona nzi. Adhana iliposikika, Mama alikuwa anamimina chai, nami nikachukua sahani iliyofunikwa nikaipeleka kibarazani.

Ayeyo alianza na tende, akanywa maji, akasema bismillahi, akauma. Lile ganda lilivunjika kwa mlio mkavu niliousikia nikiwa hatua tatu nyuma yake. Ndipo nikaona meno ya uma kwenye ukingo. Mama akatokea mlangoni na sahani nyingine, yenye bakuli lake, akatazama mkono wa Ayeyo, akaketi pale pale chini.

Ayeyo alitafuna taratibu. Akaacha kutafuna. Akaendelea.

"Hii si mbuzi," alisema.

"Mama, nisamehe. Ni hii mimba. Ni mimi, si mtoto."

"Ya bahari?"

Angeweza kusema ndiyo. Nilimwombea aseme ndiyo, Mungu anisamehe, nilimwombea aseme uongo kinywa kikiwa bado na tende ya kufungulia. Angebaki nami. Lakini Mama yangu hakuwa mtu wa hivyo.

"Hapana, Mama. Ya mto."

Ayeyo aligeuza uso upande wangu, macho yale meupe. "Naa, wewe msichana, ulitoa ubande gani?"

"Penye mkuyu, Ayeyo."

Nilingoja ainuke. Nilikuwa tayari kumshika miguu. Yeye alinyoosha mkono akapapasa sahani, kidole kwa kidole, akipita juu ya kila ukingo. "Imebaki saba," alisema. "Hakuna mtu ataguza. Hii yote ni yangu."

Akazila zote. Hakunywa maji kati. Miiba midogo iliyompita Mama aliitafuna nayo, tukaisikia. Chenga aliziokota kwa kidole alicholowesha mate mpaka sahani ikawa safi. Mama alikuwa analia, na aliniambia baadaye hakujua kama ni kwa hofu au kwa hamu, kwa kuwa hakubakiziwa hata kipande. Ayeyo alipomaliza aliweka mikono yote miwili juu ya tumbo.

"Watu wanazika kwa mchanga," alisema. "Mimi nimezika kwa hii tumbo. Hassan akirudi alete shehe. Sasa asomewe."

Baba aliporudi alishangaa, akamshukuru Mungu, akamleta shehe. Swala ikaswaliwa, mbuzi akachinjwa, watu wakala. Hakuna aliyeuliza nini kilimlainisha bibi kizee, na sisi watatu hatukusema. Mama hakwenda Lamu. Hakukutajwa tena kutoka. Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi, ila tangu siku ile sikuweza kukaa peke yangu na Ayeyo.

Alasiri za siku zilizofuata walikaa kibarazani wawili, mkwe na mama mkwe, kila mmoja mkono juu ya tumbo lake. Ayeyo alizungumza na lake. Kwa Kisomali, sauti ya chini, akimpa habari za mvua, za mbuzi, nani kaoa. "Hooyo," alimwita, kwa sababu kwetu mama humwita mwanawe kwa jina lile lile analoitwa yeye. Kisha alinyamaza kwa muda ambao mtu angetumia kujibu, akacheka kidogo, akaendelea. Siku moja nililaza kichwa mapajani pake kama zamani, nikasahau. Alikisogeza kwa upole. "Bolebole," alinong'ona. "Amelala."

Ndugu yangu alipozaliwa, Baba alitaka kumwita Abdi. Ayeyo hakukubali. "Abdi ako na mahali yake," alisema. Tukamwita jina jingine.

Ayeyo aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakukosa siku ya kuzungumza naye. Alipofariki nilikuwa msichana mkubwa, nikaruhusiwa kuingia kwa waoshaji kushika kitambaa. Mnaijua kazi ile. Maiti huinuliwa kidogo, tumbo likabinywa taratibu ili lililomo litoke, ndipo aoshwe. Mwoshaji mkuu alipoweka kiganja, Mama alimdaka mkono.

"Usimbinye," alisema. "Muoshe kama mjamzito."

Mwoshaji alimtazama Ayeyo, mwanamke aliyepita themanini, mifupa na ngozi. Akamtazama Mama. Sijui alisoma nini usoni pake. Aliondoa kiganja, akamwagia maji tumboni kwa mkono ulio wazi, polepole, na wote mle ndani wakawa wananong'ona.

Hizo ndizo enzi zetu. Tulikula tulichopewa na hatukuuliza. Leo binti yangu Hamdi hali kitu bila kukipiga picha, na sambusa kwake ni ushamba. Juzi alinitangazia kwamba anapika wontoni. Nikamuuliza ni nini hiyo, akanionyesha kwenye simu: manda ya mraba kutoka supamaketi, kamba waliogandishwa kutoka supamaketi, unakunja kama bahasha, unakaanga. Nikamwambia hiyo ni sambusa iliyokosa adabu. Alicheka, akazikaanga, zikatoka kavu zinavunjika vizuri, haki yake nitampa.

Lakini kuna jingine lililobadilika, na hili silicheki. Wakati wetu aliyepotea alipotea karibu. Mto ulikuwa wetu, ukiweza kuusimamia na kuulaani. Vijana wa sasa wanatoka hapa kimya kimya, wanapita majangwa ya watu, wanapanda mashua za mpira kuvuka bahari ambayo mama zao hawawezi hata kuitamka. Jirani yangu Halima ana mwanawe, Yusuf, aliyetuma sauti ya mwisho kutoka ufukweni huko miaka miwili iliyopita. Hajakubali asomewe. Alipokuwa akilia kwangu siku moja nilimsimulia habari ya Ayeyo, nikitaka tu kumliwaza, nikajuta baadaye.

Juzi hiyo hiyo, Hamdi akipanga wontoni zake kwenye sahani, Halima aliingia. Huyu ni mwanamke wa Griftu, nchi kavu ya ngamia, hajawahi kutia samaki mdomoni. Alisimama mlangoni, akatazama sahani muda mrefu.

"Hamdi," alisema, "hii kamba ni ya bahari gani?"

Hamdi aligeuza pakiti, akasoma, akainua mabega, akimwita shangazi kwa heshima. "Haijaandikwa, eddo. Imetoka ng'ambo tu, mbali."

Halima akanawa mikono, akavuta mkeka, akaketi.

"Nibe," alisema.