Nilimwambia Mzee Amenenepa

Nimekosa, na sitaki mtu anionee huruma. Mimi ni dobi. Nilisomea kazi ya kusafisha nguo kwa dawa, bila maji, kisha nikaajiriwa katika duka moja mjini Ogembo. Wateja wa kutoka mashambani niliwadharau. Mtu akiingia na matope ya shamba la chai, nilimhudumia nikitazama simu.

Jumatano moja aliingia mzee mwembamba na koti la sufu.

"Mwanangu, binti yangu anaolewa Jumapili. Nililivaa hili siku ya harusi yangu. Nisafishie vizuri."

Lilinuka moshi wa jikoni. Lebo ilisema wazi lisiguswe na maji. Niliisoma, halafu nikajiambia, huyu atajua nini? Nikaona uvivu kuwasha mashine ya dawa kwa ajili ya mtu kama yeye. Nikalitupa kwenye maji moto pamoja na mashuka ya nyumba ya wageni.

Likanywea, likawa dogo na gumu kama blanketi la punda. Nililivuta, nikalipiga pasi, nikalivika nailoni.

Ijumaa alilijaribu. Mikono iliishia karibu na viwiko.

"Mbona limekuwa dogo?"

"Koti ni lile lile, mzee. Ni wewe umenenepa."

Mtu mwenye shingo ya mifupa mitupu! Akajishika tumbo, akatabasamu. "Kweli?" Akanishukuru, akaenda zake. Mimi na mwenzangu wa dukani tulicheka mpaka machozi. Mijitu miwili mipumbavu.

Jumatatu alikuja mkewe. Akaliweka koti mezani bila kupaza sauti.

"Mume wangu amemsindikiza binti yake kanisani akiwa na sweta. Amekuwa mgonjwa mwaka mzima, anakonda tu. Ulipomwambia amenenepa, alifika nyumbani akaomba kioo. Anadhani anapona. Ameacha hata kumeza dawa. Mimi nimefua nguo miaka yote, najua koti lililochemshwa. Sasa twende ukamwambie mwenyewe."

Mwenye duka alisikia yote. Alinifuta kazi papo hapo, na alifanya vyema.

Nilimfuata yule mama mpaka kwao. Mzee alinyanyuka kunilaki, akamwita jirani aje amwone dobi aliyemletea habari njema. Nikaletewa chai. Mama akanitazama, akingoja. Nikanywa chai yote, nikaaga, nikaondoka bila kumwambia ukweli. Mwoga kama huyo hata jina la mwizi ni heshima kwake.

Mkewe alimwambia mwenyewe. Nasikia amerudia dawa, ila hajanena na mtu siku nyingi.

Ninyi mnaosimama nyuma ya kaunta mkijiona wajanja, ukiharibu nguo ya mtu mwambie umeiharibu, akiwa bado mbele yako. Usimwachie mke wake kazi hiyo.