Viatu vya theluji, ikama ya jikoni

Saa nne na nusu asubuhi, mtaa wa Al-Nuzha, Jeddah. Nje jua limewaka kana kwamba Desemba haijasikika huku. Ndani ya sebule yenye kiyoyozi, Metrine Nafula amepiga magoti kwenye zulia, ameushika mguu wa mwalimu wa kemia ambaye wiki ijayo anakwenda na mumewe kwenye milima ya Georgia. Kando yake kuna kiatu cha plastiki ngumu, kizito kama pakiti mbili za sukari, chenye vifungo vinne vya chuma. Ni kiatu cha kutelezea kwenye theluji.

Anakichomoa kiatu laini cha ndani na kubaki na ganda tupu. Anamwomba mwalimu aingize mguu mpaka vidole viguse mbele, kisha anapima kwa vidole vyake nafasi iliyobaki nyuma ya kisigino. Vinaingia vitatu. Havikupaswa kuzidi viwili.

Mwalimu anasema hicho hicho kinamfaa, hakimbani. Metrine anamjibu kwa Kiarabu chake cha kuokoteza kwamba hii si ndara ya kuendea msalani. Anatoa kiatu kingine, kidogo kwa namba moja nzima. Anamvua soksi mbili nene na kumvisha moja nyembamba, anamwondolea mkufu wa dhahabu uliokuwa kifundoni, anamwambia apige kisigino sakafuni mara tatu, ndipo anafunga vifungo. Mwalimu anakunja uso. Vidole vinagusa mbele, anasema, kiatu ni kidogo.

“Usisimame kama askari, madam,” Metrine anamwambia. “Kunja magoti. Mlimani hakuna anayesimama wima.”

Mwalimu anakunja magoti. Vidole vinarudi nyuma, kisigino kinakaa pale pale bila kunyanyuka. Anakunja tena, kisha anauliza bei.

Metrine ana miaka thelathini na minne na ni mzaliwa wa Kimilili, Kaunti ya Bungoma. Theluji hajaiona ila ile ya kwenye friza. Lakini msimu uliopita peke yake, kwa hesabu ya mwenzake wa dukani, aliwavisha wanawake mia mbili na kumi na wanne viatu vya aina hii, Jeddah na Riyadh, na waliorudisha viatu ni watatu tu. Kwenye ikama, kile kibali cha ukaazi anachotembea nacho, kazi yake imeandikwa: mfanyakazi wa nyumbani.

Wasomaji wa gazeti hili wamezoea habari nyingine za wanawake wetu wa Saudia, zile za makovu na majeneza. Metrine hakupigwa, hakunyimwa chakula, hakufungiwa chumbani. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kuandika habari zake. Alichonyang’anywa hakionekani kwenye picha, na mwandishi huyu, aliyekaa naye siku tatu kwa ruhusa ya madam, mke wa mwajiri wake, aliyedhani makala haya ni tangazo la duka, bado ana hasira nacho.

Aliingia Jeddah Machi 2014 kupitia wakala wa Nairobi, kwa mkataba wa riyali mia tisa kwa mwezi, apike, afue na alee watoto wanne wa Abu Faris. Kafili huyo, yaani mwajiri aliyemdhamini kuingia nchini, ana maduka mawili ya vifaa vya michezo, moja Jeddah na jingine Riyadh. Kila mwaka likizo ya shule ikikaribia, wenye uwezo hufunga safari kwenda kwenye baridi, na viatu vya theluji huuzwa hadi riyali elfu mbili na mia nne jozi.

Taabu ilikuwa kwa wanawake. Wauzaji wa dukani wote ni wanaume, na mwanamume hawezi kushika mguu wa mke wa mtu. Basi mume alikuja na karatasi iliyochorwa mguu wa mkewe kwa kalamu, muuzaji akatafuta kiatu cha kulingana na mchoro. Mchoro wenyewe mara nyingi ulichorwa mke akiwa amekaa kitandani, na mguu wa mtu aliyekaa si mguu wa mtu aliyesimama. Juu ya hapo mume, kwa mapenzi yake, aliongeza sentimita moja ili mkewe asiumie.

Majira ya baridi ya 2015, mke wa mteja mmoja mkubwa alirudi kutoka milimani akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mguu ulikuwa umecheza ndani ya kiatu na kisigino kikapanda, akakosa kuzimudu mbao zake za kutelezea, akavunjika mfupa juu ya kifundo. Mumewe alikwenda dukani akawaka kwa hasira. Abu Faris alirudi nyumbani jioni hiyo, akamkuta Metrine anaosha vyombo, akamwambia kuanzia kesho ataenda na dereva kupima miguu ya wanawake majumbani kwao. Hakuulizwa kama anataka.

Aliyemfundisha ni John Barasa, Mkenya wa duka la Jeddah, ambaye naye alikuwa amefundishwa kwa siku mbili na fundi aliyeletwa na wauzaji wa jumla. Walifundishana nyuma ya duka, madam akiwa ameketi mlangoni kuwalinda. Alivyoona John, mwanafunzi wake hakuwa mgeni wa miguu. Kabla ya kusafiri, Metrine aliuza viatu vya shule kwenye soko la Kimilili kwa miaka mitano.

“Kule mzazi anakuja anakuambia, nipe kikubwa, mtoto atakikulia,” anasimulia. “Nami nilikuwa nampa. Nakibonyeza hivi mbele namwambia kinamtosha, na najua mtoto atatembea akiburuta miguu mwaka mzima. Sikuwa na roho mbaya, dada. Hakuwa na pesa ya viatu viwili. Lakini hawa wa huku wana pesa ya viatu kumi na bado wanataka kikubwa. Hawa siwadanganyi.”

Mbinu nyingine alizigundua mwenyewe. Mguu wenye kinundu kando ya kidole gumba humsumbua kila mtu anayeuza kiatu kigumu. Metrine hukipaka kinundu rangi ya mdomo, humvisha mteja ganda tupu, kisha huangalia ndani rangi imeacha alama wapi. Alama hiyo huipeleka kwa John, naye hulipasha moto ganda na kulisukuma nje mahali hapo hapo. Rangi za mdomo ni zile ambazo madam amezichoka.

Mshahara haukubadilika. Kazi za nyumbani nazo hazikupungua. Novemba hupelekwa Riyadh kwa majuma matatu, na hulala kwa dada yake madam mtaa wa Al-Murabba, ambako akitoka kupima miguu husubiriwa na masufuria.

Ni huko Riyadh, Novemba iliyopita, alikokutana na mteja aliyemtia moyo na kisha, bila kukusudia, akauvunja. Mama mmoja wa Kilebanoni anayesimamia ukumbi wa theluji ya kutengenezwa Dubai alikuwa mgeni kwenye nyumba aliyopima. Alimtazama Metrine akifanya kazi kwa saa nzima, akavaa kiatu mwenyewe, kisha akamwambia ana nafasi ya fundi wa kuvisha viatu, mshahara mara tatu ya ule anaopata. Alitaka kitu kimoja: barua ya mwajiri inayosema amefanya kazi hiyo, kabla ya mwisho wa Januari.

Metrine alimwomba madam, madam akamrudisha kwa Abu Faris. Bosi huyo hakukasirika. Alimweleza kwa upole kwamba akiandika barua hiyo atakuwa amekiri kwa mkono wake kuwa alimtumia mtumishi wa ndani kwenye biashara, na serikali itamtoza faini. Halas, akasema, yamekwisha.

Wiki iliyofuata alimletea barua nyingine, yenye mhuri. John alimsomea. Ilisema Metrine ni mtumishi mwaminifu, si mwizi, anapenda watoto na anapika kabsa nzuri, ule wali wa Kiarabu wa nyama.

“Niliisikiliza mpaka mwisho,” Metrine anasema. “Mimi hata sipiki kabsa nzuri. Kila siku madam analalamika mchele. Hicho ndicho ameniandikia, na miguu yote ile hakuna hata mmoja.”

Kuhusu viza ya kutoka, ruhusa ya kafili ya kuondoka nchini, Abu Faris amekubali, kwa sharti. Amfundishe kwanza mtu wa kushika nafasi yake. Mtu huyo ni Jerioth Kanana, mjane wa miaka arobaini na mitatu kutoka Meru, aliyefika wiki tatu zilizopita akiambiwa na wakala kuwa atalea watoto.

Adhuhuri ya siku ya tatu, kwenye sakafu ya jiko la Abu Faris, huko huko Al-Nuzha, wawili hao wameweka ganda la kiatu kati yao. Jerioth anavuta vifungo bila moyo. Ameshaelewa kwamba akifaulu atapewa kazi ya pili bila shilingi ya juu, na akishindwa, Metrine hatoki. Ameshauliza kwa nini asiambiwe tu kwamba amefuzu, kila mtu ashike njia yake.

Metrine amelifikiria hilo, na hafichi. Ingemchukua dakika moja kumwambia madam kwamba Jerioth yuko tayari, akapanda ndege. Lakini amekataa, na mwandishi alipomuuliza sababu alijibu kwa sauti kali kidogo.

“Akivisha mtu vibaya, mtu atavunjika, na atakayelaumiwa ni huyu. Mimi nitakuwa nimeenda. Huyu ana watoto wanne Meru.”

Kwa hiyo Jerioth anavua kiatu na kuanza upya. Kisigino sakafuni mara tatu. Kifungo cha kifundoni kwanza. Kunja magoti. Mguu unaofungwa ni wa Metrine mwenyewe, na mara hii anakubali kwamba umefungwa vizuri.

Viza ya kutoka ikigongwa mhuri, atakwenda Kimilili kumwona mamake kwa siku nne, kisha atapanda ndege ya Dubai kwa viza ya matembezi ya siku thelathini. Yule mama wa Kilebanoni ametumiwa ujumbe kwamba barua ya kazi haitapatikana. Kwa siku tisa sasa hajajibu.

“Nitaenda hivyo hivyo,” Metrine anasema, akivua kiatu. “Nisimame pale mlangoni niwaambie, karatasi sina. Nileteeni mguu.”